Maswali na Majibu: Majivu ya Toba na Ziwa Nyasa

Wengi safari hii mmeuliza kuhusu Toba, volkano ya Sumatra, Indonesia, iliyolipuka miaka kama 74,000 iliyopita.

Nimetumiwa video WhatsApp kwamba Toba ilibakisha watu elfu chache tu duniani. Ni kweli?

Swali hili nimelichoka. Hiyo ni dhana aliyoivumisha mwanaanthropolojia Stanley Ambrose mwaka 1998, kwamba mlipuko ulileta baridi kali iliyoua watu wengi, na haikuwa vibaya kuitoa. Vibaya ni kuisambaza leo kana kwamba haijawahi kupimwa.

Majivu ya Indonesia yangefikaje Afrika?

Kwa upepo. Mwaka 2013 Christine Lane na wenzake walitangaza kuyakuta kwenye tope lililochimbwa chini ya Ziwa Nyasa, zaidi ya kilomita 7,000 kutoka Toba. Usidhani ni tabaka la kupiga koleo. Ni chembe za kioo zisizoonekana kwa macho: tope linasafishwa, linachujwa, chembe zinasakwa kwa hadubini, halafu kemia yake inalinganishwa na ya mawe ya Toba kwenyewe. Raha ya kazi hii ni kwamba tope lilelile linatunza pia habari za hali ya hewa. Juu na chini ya chembe hizo hapakuonekana dalili ya ziwa kupoa sana. Mwaka 2018 Chad Yost na wenzake wakachunguza mkaa na mabaki ya mimea humohumo, wasione baridi ya kuua uoto. Kwa hiyo mtu akikwambia Afrika Mashariki iliganda, muulize alipima tope gani.

Basi Toba ilikuwa ndogo?

Nani kasema? Shimo lake leo ni ziwa la kilomita 100 kwa 30. Hata hivyo, kule Jwalapuram, India, zana za mawe zimekutwa chini ya majivu na juu yake pia, yaani dalili ya watu kabla ya mlipuko na baada yake.

Yellowstone ikilipuka, sisi Tukuyu tutapona?

Yellowstone ni volkano ya Marekani. Volkano ya Rungwe iko juu ya paa lako! Ililipuka vibaya miaka kama 4,000 iliyopita, na jirani yake Kyejo ilitoa lava yapata mwaka 1800, jana tu kwa hesabu za miamba. Anayejenga huko aulize kwanza lava na matope ya mlima hushukia bonde lipi. Viwanja vya bei poa vina sababu zake.

Nimeokota Rungwe jiwe linaloelea majini. Nitauza bei gani?

Ni pumisi, jiwe la volkano lililojaa vitundu vya hewa. Sugulia visigino.