Mama Fundi Anajibu: Madirisha ya Juu ya Spitalfields

SWALI: Shikamoo Mama Fundi. Nilikwenda London kumtembelea dada yangu, na shemeji akanipeleka kuswali Ijumaa msikiti wa Brick Lane. Kando yake, Fournier Street, nyumba za zamani zina madirisha mapana juu kabisa, chini ya paa. Dada aliniambia wafumaji hariri ndio walioishi pale. Walikwenda wapi?
Msomaji wa Majengo, Mombasa

JIBU: Marahaba mwanangu. Dada yako kasema kweli. Nilishona nguo karibu na hapo miaka 18, na magharibi za baridi nikiyatazama madirisha hayo nikitoka kazini. Aliyewahi kutunga uzi mweusi kwenye sindano giza likiingia hahitaji kuelezwa yana kazi gani. Uzi wa hariri ni mwembamba mno, na jua la London ni la kubahatisha.

Mwaka 1685 mfalme Louis XIV wa Ufaransa aliwafutia Waprotestanti haki ya kuabudu. Maelfu wakakimbia, na wengi wenye ufundi wa hariri wakatua Spitalfields, mtaa huo huo ulioutembelea. Huo msikiti ulimoswali waliujenga wao mwaka 1743 uwe kanisa; mwaka 1898 ukawa sinagogi, na mwaka 1976 msikiti.

Ila usidhani kila mfumaji alikaa nyumba kama zile. Hizo ni za matajiri wa hariri. Wafumaji wengi walibanana kuelekea Bethnal Green, mtaa wa jirani, kitanda cha mfumi, yaani mtambo wa kufumia, kimejaa chumba kizima, mke na watoto wakizungusha nyuzi kwenye vibobini. Walilipwa kwa kazi, si kwa siku. Ujira uliposhuka, wengine waliingia usiku wakakata hariri kwenye vitanda vya mfumi vya waliokubali malipo duni. Desemba 1769 wawili wao, John Doyle na John Valline, walinyongwa Bethnal Green, mbele ya majirani zao. Mimi nami nimeshona kwa kuhesabiwa vipande, na habari hiyo kila nikiisoma huniuma.

Sheria ya 1773 iliwapa mahakimu kazi ya kupanga ujira, wafumaji wakapumua. Lakini matajiri walianza kupeleka kazi mkoa wa Essex na kwingineko nje ya London, ambako sheria haikufika. Ikafutwa 1824. Mwaka 1826 hariri ya nje, iliyokuwa marufuku, ikaruhusiwa kwa ushuru. Mwaka 1860 mkataba na Ufaransa ukaondoa na ushuru wenyewe. Watu husema mashine ndiyo iliyowaua. Mashine ilichangia, sikatai, lakini mimi naona kilichowamaliza hasa ni kuachwa bila kinga yoyote. Kampuni ya hariri ya Warner ilihamia Braintree, Essex, mwaka 1895, na baadhi ya wafumaji wakaifuata. Wengi walikuwa wameshageukia vibarua vingine.

Ukirudi London, omba upelekwe makumbusho ya Victoria and Albert. Wamehifadhi mamia ya michoro ya rangi ya Anna Maria Garthwaite, aliyekaa Princelet Street, mtaa wa pili tu kutoka msikitini, hadi alipofariki 1763. Alichora maua ya bustanini yafumwe kwenye hariri, na mingine aliiandika jina la mfumaji aliyeinunua. Yasome majina hayo. Utaona mengi ni ya Kifaransa.