Ndege wa kipupwe wamepungua: daftari lako linasemaje?

Mkuu, umeuliza kama ndege waliopungua nusu kwenye chombo chako cha kulishia, ukilinganisha na kipupwe kilichopita, ni dalili ya mabadiliko ya tabianchi. Kwa misimu miwili hakuna awezaye kukujibu. Hali ya hewa ni mambo ya leo na wiki hii. Tabianchi hupimwa kwa wastani wa miaka 30, ndiyo maana sasa hivi vituo vya hali ya hewa hulinganisha na kipindi cha 1991 hadi 2020. Ila daftari lako linaweza kuwa ushahidi ukiliandika vizuri, na hapo ndipo wengi hukosea.

Kosa kubwa ni kujumlisha. Wakija watatu saa mbili asubuhi na wanne saa tatu, mtu anaandika saba, kumbe huenda ni walewale. Kwa kila spishi andika idadi kubwa kabisa uliyoiona kwa mara moja. Hapo ni wanne. Ndiyo kanuni ya Project FeederWatch, mradi wa Amerika Kaskazini wa kuhesabu ndege kwenye vyombo vya kulishia, inayohesabu siku mbili mfululizo kisha kupumzika angalau siku tano. Siku zako zichague kabla hujachungulia dirishani. Anayehesabu pale tu anapoona ndege wamejaa anarekodi msisimko wake, si ndege. Saa nzuri ni zile mbili za kwanza baada ya jua kuchomoza: ndege mdogo anaweza kupoteza hata asilimia 10 ya uzito wake katika usiku mmoja wa baridi kali, hivyo asubuhi lazima ale. Andika umekaa dakika ngapi. Na spishi uliyoizoea isipotokea, andika sifuri. Nafasi tupu haisemi kama ndege hakuwepo au wewe hukutazama.

Kipimajoto kiwe kivulini, mita 1.25 hadi 2 kutoka ardhini, ndani ya kisanduku cheupe kinachopitisha hewa, mbali na ukuta. Ukuta hutoa usiku joto ulilohifadhi mchana, na kipimajoto kilichopigiliwa dirishani kitakudanganya kila siku. Rekodi joto la juu na la chini la saa 24. Theluji ipime kwa rula juu ya kibao bapa, sehemu tatu, uchukue wastani, ukiepuka mahali upepo ulipoirundika. Upepo ukifika ngazi ya 5 ya Beaufort (kipimo cha nguvu ya upepo), ndege wadogo hujificha na sauti zao huzisikii, kwa hiyo hesabu ya siku hiyo iwekee alama. Kama unatazama bata bwawani, kadiria sehemu iliyoganda: robo, nusu, yote. Kwa bata, barafu inaeleza mengi kuliko joto la hewa.

Sasa, sababu zinazofanana na tabianchi bila kuwa yenyewe. Kipupwe chenye joto na kisicho na theluji huwaacha ndege wakijilisha porini. Chombo chako kinakaa kitupu ilhali wao wazima. Bombycilla garrulus, ndege wa kaskazini mla matunda, huvamia kusini kwa makundi pale matunda ya mwituni yanapokosekana kaskazini, kisha huenda asionekane tena kwa miaka. Kipanga akihamia jirani, hesabu inaporomoka kwa wiki moja. Halafu kuna maradhi: chiriku wa kijani (Chloris chloris) alipungua sana Uingereza baada ya trikomonosi, ugonjwa wa koo unaoletwa na kimelea, kuanza kusambaa mwaka 2005. Safisha chombo kila wiki mbili kwa dawa ya klorini, sehemu moja kwa tisa za maji, suuza, kausha kabisa. Ukiona ndege aliyejifutua manyoya na kushindwa kumeza, ondoa chombo kwa wiki mbili au zaidi.

Dalili ya kweli huonekana daftari nyingi zikiunganishwa. Hesabu ya ndege ya Krismasi ya Marekani imefanyika tangu 1900, katika duara za kipenyo cha kilomita 24, kati ya Desemba 14 na Januari 5, na idadi hugawanywa kwa saa za kutazama ili miaka ilinganishike. Uchambuzi wa miaka 40 ya hesabu hizo ulionyesha zaidi ya nusu ya spishi 305 zimesogeza makazi yao ya kipupwe kuelekea kaskazini. Huko Ulaya, baadhi ya ndege wadogo wahamao waitwao Sylvia atricapilla wa Ulaya ya Kati sasa hukaa Uingereza msimu wote badala ya kushuka kusini, wakisaidiwa na vipupwe visivyo na baridi kali na chakula cha bustanini. Kwa hiyo upungufu wako unaweza kuwa ongezeko la mtu aliye kilomita mia kaskazini kwako, na bila takwimu zake hutajua. Tuma zako kwenye mradi wa kuhesabu ndege, hata zikiwa sifuri tupu.

Jambo la mwisho: ukibadilisha aina ya mbegu au ukihamisha chombo hata mita chache, andika tarehe na anza mfululizo mpya. Usiuunganishe na ule wa zamani.