Darubini za mbali si utapeli, ila usianze na picha nzuri

Mdogo wangu wa kidato cha tano, umeuliza kama kweli mtu aliyeko Singida anaweza kutumia darubini iliyoko Hawaii, au ni ujanja wa mtandaoni kama ule wa kuuziwa jina la nyota. Huo wa jina la nyota ni ujanja kweli, usitoe hata mia. Hili la darubini ni la kweli, nimelifanya na wanafunzi wangu misimu mitatu. Wale waliokutajia bei za kununua darubini kwenye uzi huu wamekutisha bure.

Nafundisha fizikia shule ya kata. Tuna kompyuta mbili nzima, na ya tatu huwaka ikijisikia.

Tulianzia MicroObservatory, darubini ndogo za inchi 6 za kituo cha Harvard na Smithsonian. Ni bure. Unachagua unachotaka kupigiwa picha, unaacha barua pepe, unalala, kesho yake picha inakuja. Hakuna usukani wa kushika. Wanafunzi walipiga kura, sayari ya Zohali, ile yenye pete, ikashinda. Picha ikaja: punje ya wali iliyovimba. Darasa zima likanuna, na nikaona kosa ni langu. Picha nzuri za Zohali zimejaa kila mahali, hakuna anayeisubiri ya kwetu. Vipimo ndivyo vinavyosubiriwa.

Ndipo nikaandikisha timu kwenye IASC, mpango wa kutafuta asteroidi (miamba midogo inayozunguka Jua) ulioanzishwa 2006 na Patrick Miller wa Chuo Kikuu cha Hardin-Simmons, Texas. Nao ni bure. Picha zinatoka Pan-STARRS, darubini ya kioo cha mita 1.8 iliyo juu ya mlima Haleakala huko Hawaii. Unapewa mafungu ya picha nne nne za kipande kilekile cha anga, zilizopigwa kwa kupishana dakika kadhaa. Unazifungua kwenye Astrometrica, programu ya Windows ya Mwaustria Herbert Raab, nayo inazionyesha moja baada ya nyingine harakaharaka mbele ya macho yako. Nyota zote tuli. Ukibahatika, kuna kinukta kimoja kinaruka hatua tatu kwenye mstari ulionyooka, hatua sawasawa. Macho ya watoto hukiona kabla ya yangu, nimeshakubali.

Hapo kazi ndiyo imeanza. Ukibofya kile kinukta, kinafunguka kidirisha chenye mchoro wa mwanga wake. Kitu halisi cha angani kinachora kilima chenye mteremko laini kila upande. Kikichongoka kama msumari, hiyo ni kasoro ya kamera, achana nacho hata kama kinaruka vizuri. Angalia pia mng'ao: kama picha ya kwanza kinawaka, ya pili kimefifia, ya tatu kinawaka tena, tia shaka.

Msimu wa kwanza binti mmoja wa kidato cha tatu alipiga kelele, "Mwalimu, hiki hakina jina!" Kawaida programu huviwekea alama vitu vyote vinavyojulikana, na hiki hakikuwa na alama. Kilima safi, mstari umenyooka. Tukashangilia mpaka makamu mkuu akaja kuuliza kuna nini. Kumbe faili la MPCORB, ile orodha ya asteroidi zinazojulikana, lilikuwa la zamani. Nililiruka kulisasisha kwa sababu ni zito na bando lilikuwa linakata. Tulipolisasisha, alama ikatokea palepale juu ya kinukta chetu. Yule binti hakuniongelesha siku mbili.

Kwa hiyo anayekuambia utagundua asteroidi wiki hii na kuipa jina la bibi yako, mpuuze. Hata ukipata kipya, ni ugunduzi wa awali tu. Lazima kionekane tena, kipimwe, taarifa zifike Minor Planet Center, kituo kinachokusanya vipimo vya asteroidi, kule Cambridge, Massachusetts. Kupewa namba ya kudumu ni suala la miaka. Ila vipimo vya vile vinavyojulikana navyo vina kazi, vinanyoosha hesabu za njia zao. Nawaambia wanafunzi hivyo, na ripoti ya "hatukuona kitu" tunaituma vilevile.

Jambo linalowachanganya wengi ni saa. Kila kitu kimeandikwa kwa UTC, saa ya kimataifa. Sisi tuna njia ya mkato ambayo wenzetu hawana: toa tatu, unapata saa ya Kiswahili moja kwa moja. UTC 07:00 ni saa nne asubuhi. UTC 18:00, toa tatu ni 15, punguza 12, saa tatu usiku. Na Hawaii iko nyuma yetu saa 13, kwa hiyo kipindi changu cha saa nne asubuhi, kule ni saa tatu ya usiku wa jana. Darubini iko kazini wakati darasa liko macho! Ukipata shirika linaloshirikiana na Las Cumbres, mtandao wa darubini zinazoendeshwa kwa mbali, wenye darubini Hawaii, Chile, Australia na Sutherland kule Afrika Kusini, hesabu hiyo itakufaa sana.

Sayari za nyota nyingine pia zipo, kupitia Exoplanet Watch, mpango wa NASA wa kuzifuatilia. Sayari moja, HAT-P-32b, ikipita mbele ya nyota yake, mwanga wa nyota hupungua kama asilimia 2. Mchoro wetu wa kwanza wa mwanga huo ulifanana na meno ya msumeno, bado tunajifunza, kwa hiyo hapo sina cha kujidai.

Wewe tafuta wenzako watatu na mwalimu mmoja asiyechoka haraka, mwandikishe timu. Pakueni usiku kwa bando la usiku, MPCORB kwanza, picha baadaye. Mkikwama kwenye Astrometrica, weka picha ya skrini hapahapa kwenye uzi, jioni huwa napita.