Re: Triple 9 yafaa kuangalia?

Uliyeuliza kama ile filamu Triple 9 ya 2016 yafaa kuangalia wikendi, mimi niliiona juzi hapa Malindi, stima ikapotea katikati na wala roho haikuniuma. Majina mazito kweli, Chiwetel Ejiofor, Casey Affleck, Woody Harrelson, hata Kate Winslet kawa bosi wa mafia wa Kirusi, nywele kazipandisha juu kama yuwaenda harusini. Wazo lenyewe tamu bana, polisi wachafu wa Atlanta wapanga kumuua polisi mwenzao ili askari wote wakimbilie huko, wao waibe kwengine. Lakini watu ni wengi mno, ukianza kumjua mmoja ashakufa, nikabaki nauliza huyu nani tena. Ule mwanzo wa benki tu, noti zatoa moshi mwekundu ndani ya gari, hapo sawa. Kama una bando la kuchezea, shusha.