Nguvu za mtoto mchanga: misuli inaongezeka au inanenepa?

Swali (baba mmoja, Lamu): Dokta, mwanangu ana miezi miwili, akinishika kidole haachii lakini shingo bado. Nyanyake kila asubuhi amkanda mafuta ya nazi na kumvuta mikono, asema ndo misuli iongezeke. Ni kweli?

Jibu: Kakangu, mimi fizio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) hapa Malindi na hili naulizwa sana. Idadi haiongezeki, nyuzi za misuli karibu zote ashazaliwa nazo, mabadiliko yako ndani. Kila uzi ni seli moja ndefu yenye viini vingi, na ndani mna vijiuzi vya protini vinavovutana, sasa kwa mtoto mchanga vijiuzi hivo ni vichache, akikua vinaongezeka vinajazana uzi unanenepa, na mfupa ukirefuka uzi nao unaongezewa vipande kwenye ncha. Pembeni kuna seli za akiba zinajiunga na uzi kuupa viini vipya, kwa panya kazi hio inaisha karibu wiki ya 3.

Lakini unene peke yake hautoshi, na hapa ndo patamu. Ukichukua uzi wa mchanga na wa mkubwa ukapima nguvu kwa unene uleule, wa mkubwa unavuta zaidi. Manake hata miosini, ile protini yenyewe inayovuta, inabadilishwa, ya tumboni na ya uchanga zinatoka zinaingia za ukubwani, alafu mifereji inayopeleka ishara ndani ya uzi na vifuko vya kalisiamu, madini inayouamsha uzi ukaze, vinapangika, ndo uzi mzima unakaza kwa pamoja tena haraka. Na neva je? Panya akizaliwa uzi mmoja umeshikwa na neva kadhaa, na manahodha wengi chombo huenda mrama, basi zinashindana wiki za mwanzo mpaka inabaki moja.

Hicho kidole anachokushika wala hakusudii, kiganja kikiguswa kinajifunga chenyewe, na hio huwa imeisha kufikia miezi 6 hivi.

Mafuta ya nazi hayana neno, mkono ukiwa mwepesi, ila mweleze bimkubwa kwa adabu asimvute mikono, kiwiko huteguka. Akiwa macho mlazeni kifudifudi dakika chache mara kadhaa kwa siku, mtu yuko hapo amwangalia, anyanyue kichwa mwenyewe (kulala usingizi ni chali). Akifika miezi 4 shingo bado yaanguka mpelekeni kliniki, na akiwa mlegevu mwili mzima au ananyonya kwa shida msingoje hio miezi, nendeni leo.