Maswali yenu: Anatapika garini, analia kwenye ndege, na baba akirudi hamtaki

Meseji za safari hii karibu zote ni za safari na watoto wadogo, nimechagua chache ambazo nimeona wengi mnaulizia kitu hichohicho kwa maneno tofauti. Twende.

Anti shikamoo. Nna mtoto wa kiume ana miaka 4, tukiingia tu kwenye gari nusu saa haiishi kashatapika. Tunampa simu aangalie katuni atulie lakini wapi. Baba yake anasema ni deko tu, eti mbona alivyokuwa mchanga tulikuwa tunasafiri nae na hana shida yoyote. Nishajaribu kumsafirisha bila kula ndo kwanza akazidi. Nisaidie nimechoka kufua. (Mama wa mmoja)

Marahaba mwanangu na pole sana. Baba yake mwambie kwa upole kabisa kwamba hilo si deko, na hiyo hoja yake ya uchanga ndo inaonyesha hivyo, maana mtoto wa chini ya miaka 2 ni nadra kusumbuliwa na mwendo wa gari, shida huwa inaanza hapo kwenye miaka miwili na kuendelea mpaka kama 12 hivi halafu wengi inawapungua yenyewe wakikua. Kwaiyo wala hajabadilika tabia, umri wake ndo umefika.

Sasa hiyo simu ndo ya kuitoa kwanza. Ndani kabisa ya sikio kuna sehemu inayopima mwendo, gari likikata kona au likiruka tuta yenyewe inajua, sasa macho yakiwa yamekodolea kioo cha simu yanaambia ubongo kwamba tumetulia hatuendi popote. Sikio linasema tunakwenda, macho yanasema tumekaa, ubongo unavurugika na tumbo ndo linalipa. Yani mnampa simu atulie kumbe ndo inamtapisha, na kitabu cha picha ni hivyohivyo. Anatakiwa aangalie nje, tena mbali, mbele barabarani na sio pembeni dirishani ambako vitu vinapita mbio. Kama katikati ya siti ya nyuma kuna mkanda mzuri na kiti chake kinafungika vizuri pale, mweke hapo aone kioo cha mbele. Halafu mchezo uwe wa macho, nani ataliona lori kwanza, ule mlima mbona hauishi, vitu hivyo.

Njaa umeshaona mwenyewe haisaidii, na shibe nayo haisaidii. Ale kitu chepesi kisicho na mafuta saa moja au mbili kabla hamjatoka, maji kidogokidogo njiani, dirisha wazi kidogo hewa iingie, na manukato makali ya gari toeni kabisa kwa sababu harufu inamsukuma mtu ambaye tayari yuko ukingoni. Kama mnaweza kuondoka muda wake wa kulala basi ondokeni muda huo, akifumba macho ule ubishi wa macho na masikio unaisha.

Na hapa naomba uniangalie vizuri. Mtoto wa miaka 4 hawezi kukwambia nasikia kichefuchefu, hilo neno hana, atakwambia tumbo linauma au ataanza kulialia bila sababu. Lakini mwili unasema mapema. Anapiga miayo na usingizi hana, rangi inampotea kwenye midomo, kijasho chembamba kwenye paji la uso, anameza mate mara kwa mara, halafu yule aliyekuwa anaongea bila nukta anakuwa kimya ghafla. Ukiona huo ukimya ujue umebakiwa na dakika chache tu, mwambie dereva apaki pembeni mahali salama, mshushe, asimame apate hewa. Mara nyingi hapo unaokoa nguo.

Dawa za kuzuia zipo ila usinunue kwa kuambiwa na jirani, muulize daktari au mfamasia umtajie umri na uzito, na mama mwenye mtoto wa chini ya miaka 2 ajue kwamba promethazini, ambayo ni moja ya dawa hizo, haitolewi kabisa kwa umri huo kwa sababu inaweza kumbana kupumua. Na kama siku mtoto anatapika hata hajapanda gari, hasa asubuhi na kichwa kinamuuma, hiyo sio ya safari tena, mpeleke hospitali.

Dada habari, mimi ni baba wa mtoto wa miezi 5. Tumenunua kiti cha mtoto cha gari lakini mama mkwe hataki kukiona, anasema mtoto anafungwa kama mzigo, analia, kwake yeye usalama ni kupakatwa. Mke wangu yuko katikati hajui aseme nini. Namheshimu sana mama na sitaki ugomvi lakini roho hainipi. Nafanyaje? (Baba mpya)

Ndugu yangu roho yako iko sahihi na hapa sitazunguka, mtoto akae kwenye kiti. Mama yetu anampenda mjukuu kupita kiasi na hilo ndo la kuanzia unapoongea nae, ila mikono haina uwezo huo hata iwe ya nani. Gari likiwa kwenye kilomita 50 tu kwa saa likagonga kitu, mtoto anavutwa mbele kwa nguvu inayoweza kufika hata mara 30 ya uzito wake, kwaiyo kichanga cha kilo 7 kinakuwa kama kilo 210. Hakuna mtu wa kuzishika hizo kwa mikono. Na kumfunga pamoja nae kwenye mkanda mmoja ni hatari zaidi, maana mwili wa mtu mzima ndo unamkandamiza mtoto kwenye mkanda. Shirika la Afya Duniani linasema viti hivi vinaweza kupunguza vifo vya watoto kwenye ajali kwa angalau asilimia 60, sasa kitu kinachookoa kiasi hicho mi siwezi kukwambia mridhishe tu mama.

Umri wake kiti kinaangalia nyuma, mgongo wa mtoto unaelekea mbele ya gari. Kichwa cha kichanga ni kizito ukilinganisha na mwili wake na shingo bado laini, sasa kikiangalia nyuma ile nguvu inagawanyika mgongo mzima badala ya kuishia shingoni. Aendelee hivyo mpaka afike mwisho wa uzito au urefu ulioandikwa kwenye kiti chenyewe, msiwe na haraka ya kumgeuza eti miguu imejikunja, miguu haina neno. Kiti cha kuangalia nyuma kisiwekwe kamwe siti ya mbele yenye mfuko wa hewa (airbag, ule unaofumuka gari likigonga) unaofanya kazi, ukifumuka unapiga mgongo wa kiti chenye mtoto ndani. Na mikanda ya kiti ikae mwilini, jaribu kuubana ule mkanda begani kwa vidole viwili, ukiweza kuukunja bado umelegea. Masweta mazito na mablanketi yakae juu ya mkanda, sio chini yake.

Kuhusu kulia, mama yuko sahihi kidogo hapo, vichanga havipendi kukaa sehemu moja muda mrefu, na kikilala kichwa kinaweza kuangukia kifuani njia ya hewa ikabanwa. Kwaiyo simameni angalau kila saa mbili, mtoeni, anyonye, ajinyooshe. Mkifika nyumbani asiachwe alale humo, ahamishiwe kitandani. Na asiachwe peke yake garini hata dakika moja, joto ndani ya gari lililosimama juani linaweza kupanda nyuzi 10 kwa dakika 10 tu na mwili wa mtoto unapata joto haraka kuliko wetu.

Sasa namna ya kumwambia. Usimjibu mama pale mlangoni watu wote wanaangalia na gari linaunguruma. Aongee mke wako na mama yake wakiwa wametulia, wewe baadae uende na heshima zako umuombe kitu, sio umkataze kitu. Muombe yeye ndo akae nyuma pembeni ya mtoto safari nzima, amshike kidole, amuimbie, amwangalie anavyopumua akilala. Hiyo kazi inatakiwa ifanywe na mtu na hakuna wa kuifanya kama bibi. Nimeona nyumba nyingi bibi akipewa hiyo siti yake anakuwa yeye ndo wa kwanza kuuliza mbona mkanda haujafungwa.

Anti mambo. Mwezi ujao napanda ndege na binti yangu wa miezi 8, ndo mara yangu ya kwanza na niko peke yangu. Nasikia watoto wanalia sana masikio. Naogopa macho ya watu mpaka nataka kuahirisha. (Mwenye hofu)

Poa mdogo wangu, usiahirishe. Ndege ikipanda na kushuka hewa inabadilika na kuna kijimrija kinachounganisha sikio na koo ndo kinasawazisha, kwa watoto ni chembamba na kimelala kwaiyo kinachelewa kufunguka. Kumeza ndo kunakifungua. Watu wengi wanahangaika wakati wa kuruka kumbe maumivu makali ni wakati wa kushuka, na kushuka kunaanza kama nusu saa kabla ya kutua, mapema kuliko unavyodhani. Usisubiri mpaka magurudumu yatoke. Ukisikia tu masikio yako mwenyewe yanaanza kuziba, mwamshe kama amelala na umpe nyonyo au chupa, anyonye polepole. Ukimnyonyesha safari nzima akifika pale kashiba hataki, kwaiyo mbanie kidogo. Kama ana mafua mazito au sikio linamuuma siku chache kabla, muone daktari aliangalie kwanza.

Mengine haraka: kama mnatoka nje ya nchi, paspoti mtoto anakuwa na yake hata awe wa wiki chache. Chini ya miaka 2 mashirika mengi yanamruhusu akae mapajani kwa nauli ndogo na wanakupa kamkanda kake ka kuunga na wako. Ile sheria ya viwanja vingi vya ndege kwamba huingii na kimiminika kwenye chupa ya zaidi ya 100 ml haibani maziwa ya mtoto ya kutosha safari, yatoe uyaonyeshe pale kwenye ukaguzi. Na nguo ya kubadilisha beba ya kwako pia, pampasi ikivuja inavujia mapajani mwako.

Macho ya watu ndo nataka nikwambie kwa moyo wote, hayo yaache. Humo ndani wengi ni wazazi na wanakuonea huruma, hujui tu kwa sababu umeinamia mtoto. Hao wachache wenye kununa watashuka na hutawaona tena maishani. Mtoto akisikia mwili wako umekaza nae anakaza, we pumua, muombe mhudumu maji, na mtu akikwambia nikushikie kidogo na amekaa hapohapo pembeni yako, mpe uende chooni.

Dada, mume wangu anasafiri kikazi wiki mbili anarudi siku chache anaondoka tena. Mtoto wetu ana mwaka na nusu, baba akirudi anamkimbia, analia, ananing'ang'ania mimi. Mume ameumia kweli, safari iliyopita alisema bora nisirudi. Huwa anaondoka mtoto akiwa amelala ili asilie. (Mke wa msafiri)

Hili limenigusa. Mwambie baba kwamba mtoto hajamsahau na wala hamchukii. Umri huo, kuanzia kama miezi 8 mpaka mwaka na nusu na zaidi kidogo, ndo umri wa kuogopa kuachwa, mtoto anashikilia yule ambaye haondoki. Akimkimbia baba anajikinga, na anamkumbuka vizuri tu.

Ila hiyo ya kuondoka amelala iacheni. Mnafikiri mnamuepusha na kilio, kumbe mnamfundisha kwamba ukilala baba anapotea, ndo hapo watoto wanaanza kugoma kulala na nyie hamjui kwa nini. Aagwe. Sentensi mbili tu na kumbatio, baba anaenda kazini, baba atarudi, halafu atoke kweli asirudi mlangoni mara tatu. Atalia ndio, utambembeleza, itaisha.

Akirudi asimnyakue. Aingie, amsalimie, akae chini sakafuni na kitu cha kuchezea mkononi aanze kucheza mwenyewe bila kumkodolea macho. Mtoto atamzunguka kwa mbali, ataleta kitu kimoja akimbie, atarudi, na inaweza kuchukua jioni nzima. Halafu kuwe na kazi moja ambayo baba akiwepo ni ya kwake, kuogesha ni nzuri sana, we toka hapo kabisa usisimame mlangoni maana akikuona atakuchagua wewe. Simu za video ziwe fupi muda uleule kila siku, baba asiulize maswali mengi, aimbe tu ule wimbo wao. Na wewe naomba usimtumie baba kama fimbo, ile ya subiri baba yako arudi atakukomesha, unamtengenezea sababu ya kumkimbia.

Tunasafiri usiku kucha na basi. Je naweza kumpa mtoto wa mwaka mmoja sirapu ya mafua ili alale? (Msomaji)

Hapana. Dawa za mafua zinazoleta usingizi zinaweza kumpunguzia mtoto mdogo upumuaji, na wengine zinawapandisha badala ya kuwalaza, unajikuta na mtoto hataki hata kukaa mpaka asubuhi. Mchoshe mchana kwa michezo, muogeshe jioni kama kawaida, mvalishe nguo zake za kulalia kabla hamjapanda, na beba shuka lake ambalo halijafuliwa lina harufu ya kitanda chake.