Swali la lugha: mchakato husimamishwa, hukomeshwa au huuawa?

Msomaji anayeandaa mwongozo wa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, ametuletea sentensi hizi: "Skripti inakimbiza mchakato wa nyuma na kuusimamia. Ukikwama, usimamishe." Skripti ni programu fupi, na mchakato ni programu ambayo kompyuta inaiendesha. Anauliza kama Kiswahili chake kimekaa sawa, na kama badala ya "usimamishe" aandike "uue".

Kisarufi hakuna kosa. Shida iko kwenye uteuzi wa maneno, na katika mwongozo wa aina hii neno lisilo lake humpotezea mtu kazi.

Kukimbiza ni kufukuza, kwa hiyo liondoke. Kiswahili kina "anzisha" na "endesha", na tofauti yake inalingana na Python yenyewe: subprocess.Popen huanzisha mchakato na kurudi papo hapo, ilhali subprocess.run huuendesha na kusubiri mpaka uishe. "Mchakato wa nyuma" nao utasomwa kama miaka ya nyuma, yaani uliotangulia. Andika "unaoendelea chinichini". Kweli, chinichini hudokeza siri, lakini watumiaji wa simu wamekwishalizoea kwa maana hii.

Sasa tuje kwenye "simama", mzizi wenye hatari zaidi hapa. Yatazame maneno haya matatu: usimamie, usimamishe, usisimamishe. La kwanza linataka mchakato uangaliwe, la pili linauzuia, la tatu linakataza kuuzuia. Kila moja linatofautiana na linalofuata kwa silabi moja tu, na jicho la msomaji mwenye haraka huiruka. Kwa kuangalia, tumia "fuatilia". Kusimamia ni kuwa na mamlaka pia, kama skripti inayouanzisha mchakato upya kila unapoanguka. Ikiwa yako inaita tu poll(), amri inayouliza kama mchakato umekwisha, kila baada ya muda, inafuatilia.

Matokeo ya ufuatiliaji huo nayo yapewe vitenzi vyake. poll() ikirudisha None, mchakato ungali unaendelea. Ikirudisha namba, umekwisha. Usiandike "umekamilika" mpaka namba hiyo iwe 0, kwa kuwa kukamilika ni kazi kutimia. Kwenye Linux, -15 maana yake umekatizwa na ishara namba 15 (SIGTERM); ishara ni ujumbe mfupi ambao mchakato hupelekewa kupitia mfumo wa kompyuta.

Je, "uue"? Neno ni halali, lakini lina mahali pake. Gari lililosimamishwa huweza kuondoka tena. Ndivyo ulivyo mchakato uliopewa ishara ya SIGSTOP, ambao ishara ya SIGCONT huuendeleza pale pale ulipoachia. Kwa hiyo "simamisha" libaki na maana hiyo ya muda. SIGTERM, inayotumwa na terminate(), ni ombi: mchakato hupata nafasi ya kufunga faili zake kwanza. Huko ni kukomesha. SIGKILL, inayotumwa na kill(), haiupi nafasi yoyote, na huko ndiko kuua.

Limebaki "ukikwama". Mara nyingi mchakato haujakwama, unasubiri. Ukitumia stdout=PIPE, yaani matokeo ya mchakato yapitie kwenye mrija hadi kwenye skripti, kisha ukaita wait(), amri ya kusubiri mchakato uishe, mrija huo, ambao kwenye Linux kwa kawaida hubeba kilobaiti 64, ukijaa mchakato hauwezi kuandika tena, nayo skripti inangoja uishe. Kila upande unamngoja mwenzake. Dawa ni communicate(), inayosoma huku ikisubiri. Mwongozo ukisema "umekwama", msomaji ataua mchakato usio na kosa.

Kwa hiyo sentensi zile ningeziandika hivi: "Skripti inaanzisha mchakato unaoendelea chinichini na kuufuatilia kila baada ya sekunde 2. Zikipita sekunde 60 kabla haujaisha, ukomeshe kwa terminate(). Kama baada ya sekunde 5 ungali unaendelea, uue kwa kill(), kisha ita wait() ili usibaki kwenye orodha ya michakato hali umekufa."